Jua la Kishapu na umeme wa TANESCO: kwa nini tusiishie hapa

Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga inajulikana kwa vitu vitatu: almasi, pamba na jua. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, na mgodi huo ukajulikana duniani kote. Pamba imesomesha watoto wa wakulima kwa vizazi. Jua ndilo lililohesabiwa kuwa mzigo. Linakausha malambo, linaunguza mahindi kabla hayajabeba, na linamlazimisha mfugaji kuswaga ng'ombe mbali kutafuta maji.

Katika kijiji cha Ngunga, wilayani humo humo, jua hilo limepewa kazi. Mwaka 2023 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilisaini mkataba na kampuni ya Sinohydro ya China wa kujenga mtambo wa kuzalisha umeme wa jua utakaoingia kwenye gridi ya taifa. Mpango mzima ni wa megawati 150 kwa awamu mbili: megawati 50 kwanza, kisha 100. Fedha zake ni mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa, AFD.

Wasikilizaji wengi hutuuliza maswali mawili kuhusu jambo hili. La kwanza: sola tunaijua, inawasha taa tatu na kuchaji simu, itawezaje kuendesha mgodi? La pili: tumeambiwa bwawa la Nyerere limemaliza shida ya umeme, sasa jua la nini tena? Makala haya yanajibu maswali hayo, na yanaeleza kwa nini mtambo wa Kishapu unapaswa kuwa mwanzo wa mitambo mingi, na mwananchi wa kijijini afanye nini ili iwe hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo

Uniti moja unayonunua kwa LUKU ni umeme wa kilowati moja uliotumika kwa saa moja. Megawati moja ni kilowati 1,000. Injini ya umeme ya mashine ya kusaga ya kijijini inaweza kuwa ya kilowati 15 hivi. Kwa hiyo megawati 50 zikifanya kazi kwa nguvu yake yote zinaweza kuzungusha mashine zaidi ya 3,000 za namna hiyo kwa wakati mmoja.

Lakini jua halichomi kwa nguvu ile ile kuanzia asubuhi hadi jioni. Tuchukue mfano wa siku yenye jua linalolingana na saa tano za nguvu kamili. Megawati 50 mara saa tano ni uniti 250,000 kwa siku. Mteja wa majumbani mwenye matumizi madogo, yule anayelipa bei ya chini, anaruhusiwa hadi uniti 75 kwa mwezi, yaani uniti mbili na nusu kwa siku. Ukigawanya, unapata nyumba 100,000. Hiyo ni awamu ya kwanza tu.

Tofauti ya sola ya nyumbani na mtambo kama wa Kishapu ni ukubwa na mahali umeme unapokwenda. Nyumbani, paneli moja au mbili zinachaji betri, na betri inawasha taa. Kwenye mtambo, maelfu ya paneli yanaunganishwa pamoja. Umeme wake, ambao ni wa aina ile ya betri, unapita kwenye inveta na kugeuzwa kuwa umeme wa aina inayotumika kwenye gridi. Kisha transfoma inauongezea msongo, na unaingia kwenye njia kubwa za umeme. Kuanzia hapo unachanganyika na umeme wa maji na wa gesi, kama mito miwili inavyokutana. Ukiwasha taa yako hutajua ipi ni ya jua na ipi ni ya maji.

Umeme wetu unatoka wapi

TANESCO ni mali ya umma. Serikali ilichukua kampuni za umeme zilizoachwa na wakoloni mwaka 1964, na hadi leo shirika hili ni la serikali kwa asilimia mia moja. Maana yake ni kwamba uamuzi wa umeme utoke kwenye maji, gesi, mafuta au jua ni uamuzi wa umma, na mwananchi ana haki ya kuuliza na kushauri.

Kwa miaka mingi nchi ilitegemea maji: Mtera, Kidatu, Kihansi, Hale, Pangani na Nyumba ya Mungu. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam. Mwaka 2015 bomba la gesi kutoka Mtwara lilikamilika, na mitambo ya Kinyerezi ikapata nguvu. Kabla ya bwawa la Nyerere kuanza kazi, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulikuwa wa gesi. Huku kwetu Kanda ya Ziwa tulikuwa pia na mtambo wa Nyakato, Mwanza, wenye takriban megawati 60, unaotumia mafuta mazito.

Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza iliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 zote tisa zikawa zimekamilika. Ni kazi kubwa, na ni haki kuisifu. Umeme wa maji, kama ule wa jua na upepo, unaitwa nishati jadidifu, yaani nishati inayojirudisha yenyewe: mvua ikinyesha tena, bwawa linajaa tena. Gesi na mafuta vikichomwa vimekwisha.

Basi, kama tuna bwawa kubwa namna hii na ni nishati jadidifu, tatizo liko wapi?

Mito mingi, bonde moja

Tatizo liko kwenye ramani. Mtera na Kidatu viko kwenye Mto Ruaha Mkuu. Kihansi iko kwenye mto unaopeleka maji yake Kilombero. Ruaha na Kilombero vyote vinaishia Rufiji, ambako ndiko lilipo Bwawa la Nyerere. Kwa maneno mengine, mitambo yetu mikubwa minne ya maji inakunywa kutoka bonde moja. Mvua ikikosekana kwenye nyanda za juu za kusini mwaka mmoja, yote minne inaumia pamoja.

Hili limeshatutokea kabla hata ya bwawa jipya. Oktoba 2015 maji yalipungua kiasi kwamba mitambo ya maji nchini ililazimika kusimamishwa. Mwishoni mwa 2022 mgao ulirudi kwa sababu ya ukame. Septemba 2023 nchi ilikuwa na upungufu wa megawati karibu 400, na mgao ukaingia tena mijini na vijijini. Miezi michache baadaye mvua zilinyesha kupita kiasi, na mwanzoni mwa 2024 baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Ndani ya miezi sita tulitoka kwenye njaa hadi kwenye shibe ya kuvimbiwa. Hivyo ndivyo maji yalivyo, na hali ya hewa inayobadilika haitayafanya yatulie.

Ukame una gharama nyingine ambayo Watanzania wanaikumbuka. Umeme unapokatika ghafla, nchi hununua kwa haraka, na anayenunua kwa haraka hana nafasi ya kupatana bei. Ukame wa 2006 ndio uliozaa mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Bunge liliunda kamati teule kuuchunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2011 tulikodi tena mitambo ya dharura ya mafuta. Fedha za kukodi mitambo hiyo zingeweza kujenga ya kudumu.

Mkulima wa Shinyanga anaijua hekima hii bila kufundishwa. Hapandi mahindi peke yake. Anaweka na mtama unaovumilia ukame, na viazi vitamu anavyovikausha kuwa michembe kwa ajili ya miezi ya njaa. Mahindi yakikataa, familia haifi. Gridi ya taifa nayo inahitaji mtama wake.

Kiangazi ndipo jua linapokuwa bora

Angalia kalenda. Mgao wa 2015, wa 2022 na wa 2023 ulibana zaidi kati ya Septemba na Novemba, mwishoni mwa kiangazi, mabwawa yakiwa yameshuka. Hiyo ndiyo miezi ambayo anga ya Shinyanga, Simiyu na Geita huwa na mawingu machache. Maji yanapopungua, jua linaongezeka. Vyanzo hivi viwili vinapokezana.

Kuna jambo la pili, ambalo ni muhimu kuliko la kwanza. Watu husema, "Sola haifanyi kazi usiku." Ni kweli. Lakini nchi yenye bwawa kubwa tayari ina mahali pa kuhifadhi umeme wa usiku. Mchana, jua linapozalisha, bwawa linaweza kupunguza maji linayopitisha kwenye mashine. Maji hayo yanabaki nyuma ya ukuta. Jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, maji yanafunguliwa.

Wasukuma wana neno ambalo linaeleza jambo hili: ngitili. Wakati wa masika unafunga sehemu ya malisho, ng'ombe hawaingii, majani yanakua. Kiangazi kikishika, unafungua. Hakuna aliyeongeza ardhi, ila mifugo inavuka. Jua la mchana linaiwezesha TANESCO kufunga ngitili ya maji.

Kwa hiyo umeme wa jua hauji kushindana na Bwawa la Nyerere. Unakuja kulilinda. Kila uniti inayotoka Kishapu saa saba mchana ni maji yaliyobaki Rufiji kwa ajili ya saa mbili usiku.

Waya mrefu una gharama yake

Umeme wa Rufiji unapokuja Shinyanga unasafiri zaidi ya kilomita 700. Unapita Chalinze, Dodoma na Singida, sehemu ya safari ukifuata njia kubwa ya kilovoti 400 ya Iringa hadi Shinyanga. Umeme unaposafiri, sehemu yake inageuka joto kwenye nyaya na kupotea. Ukijumlisha upotevu wa njiani na ule wa mitaani, ikiwemo wizi, TANESCO imekuwa ikipoteza karibu uniti 15 kati ya kila 100 inazozalisha. Uniti hizo zimegharamiwa, lakini hakuna anayezilipia.

Serikali yenyewe imekiri uzito wa jambo hili. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwa nini Tanzania inataka kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini wakati ina umeme wa ziada kusini. Sababu aliyoitoa ni umbali: kupeleka umeme kutoka kusini mpaka kaskazini kunasababisha hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Hoja hiyo hiyo inaihusu Kanda ya Ziwa. Umeme unaozalishwa Kishapu na kutumika Shinyanga, Kahama au Geita unasafiri kilomita chache. Unapunguza upotevu na kuimarisha nguvu ya umeme mwishoni mwa njia, pale ambapo leo taa inafifia mashine ya kusaga ikiwashwa. Upande wa magharibi kuna mwanzo mzuri pia: mtambo wa maji wa Rusumo kwenye Mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Faida yake kwetu si wingi. Ni kwamba uko karibu, na unatumia mto ambao si wa bonde la Rufiji.

Nani anahitaji umeme huu hapa kwetu

Tuanze na dhahabu. Mgodi wa Geita, GGML, ulifunguliwa mwaka 2000 na kwa miaka mingi ulijizalishia umeme kwa mitambo ya dizeli yenye takriban megawati 40. Njia ya kilovoti 220 kutoka Bulyanhulu hadi Geita, yenye urefu wa kilomita 55 hivi, ndiyo iliyofungua nafasi ya mgodi huo na mji wa Geita kupata umeme mkubwa wa gridi. Mgodi mkubwa unaohama kutoka dizeli kwenda gridi ni mteja mzuri kwa TANESCO. Lakini mteja huyo hutumia umeme mchana na usiku. Gridi isipoongezewa uzalishaji karibu naye, ukame ukija, swali litakuwa nani azimiwe: mgodi au kijiji. Mwananchi anajua jibu litakuwa lipi.

Kuna wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko. Makarasha ya kusaga mawe, pampu za kuvuta maji kwenye maduara, feni za kupeleka hewa chini, mitambo ya kuchenjua marudio: vyote vinataka nguvu. Umeme ukikatika, mwenye karasha anawasha jenereta, na dizeli inakula faida kabla mfuko wa mawe haujaisha. Wachimbaji walio ndani ya duara wanategemea pampu na hewa ile kwa uhai wao.

Kisha kuna maji ya kunywa. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Shinyanga, Kahama na Kishapu yanavutwa na KASHWASA kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Hayaji yenyewe. Yanasukumwa na pampu kubwa za umeme kupanda mlima, kisha yanashuka kwenye mabomba. Umeme ukiwa ghali, maji yanakuwa ghali. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, bomba linakauka. Hapa jua linafaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu maji yanaweza kusukumwa mchana na kuwekwa tangini kwa matumizi ya usiku. Tanki likijaa, hakuna haja ya betri.

Maswali magumu, na majibu yake

Je, bei ya umeme itashuka? Si mara moja. Bei hupangwa na EWURA kwa kuangalia gharama zote za TANESCO, pamoja na madeni. Mkopo wa AFD lazima ulipwe. Lakini mtambo wa jua ukishajengwa haununui gesi wala mafuta, na bei yake haipandi vita ikitokea nchi ya mbali. Gharama ya kuzalisha umeme wa jua duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2023. Kilichokuwa anasa miaka 15 iliyopita leo ni kati ya njia za bei nafuu zaidi za kujenga umeme mpya.

Je, mawingu na vumbi? Mawingu yanapunguza uzalishaji, ndiyo maana jua linahitaji mwenzake, maji au gesi. Vumbi la kiangazi chetu ni tatizo halisi: paneli chafu inazalisha kidogo, na kuiosha kunahitaji maji katika nchi kavu. Mtambo wowote hapa lazima upangiwe usafi tangu mwanzo, na kazi hiyo iwe ajira ya vijana wa kijiji husika.

Je, ardhi? Mtambo wa jua unakula eneo. Eneo hilo mara nyingi ni shamba la mtu au njia ya ng'ombe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji ushirikishwe ardhi ya kijiji inapotaka kuchukuliwa, na fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Umeme safi uliojengwa juu ya fidia iliyocheleweshwa ni deni kwa mkulima. Kudai jua na kudai fidia ni madai mamoja.

Je, sola itaondoa kukatika kwa umeme kijijini kwetu? Si kukatika kote. Nguzo iliyooza, transfoma iliyozidiwa na waya ulioangushwa na mti havitibiwi na paneli. Kinachotibiwa ni upungufu wa uzalishaji na udhaifu wa umeme unaotoka mbali. TANESCO lazima ifanye yote mawili, na mtu asikubali kimoja kitumike kuwa kisingizio cha kuacha kingine.

Majirani wameshajaribu

Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni nchi kavu ya wafugaji kama Kishapu. Tangu Desemba 2019 ina mtambo wa jua wa megawati 54.6, uliojengwa na shirika la umma. Uganda ilianza mapema zaidi kwa mtambo mdogo wa megawati 10 huko Soroti mwaka 2016. Malawi ilijenga mtambo wa megawati 20 huko Golomoti mwaka 2022 na kuuwekea betri kubwa ya megawati 5, ili jua la mchana lisaidie jioni. Uganda na Malawi hazina fedha nyingi kuliko sisi. Na hakuna kati yao yenye bwawa kama letu la kupokezana na jua.

Serikali yetu pia imejifunga kwa maneno yake. Kwenye mkutano wa nishati wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, Tanzania iliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 75 ya umeme wake utoke kwenye nishati jadidifu. Lengo hilo linaweza kufikiwa kwa maji peke yake mwaka wa mvua nyingi, kisha likaporomoka mwaka wa ukame. Likijengwa kwa maji pamoja na jua na upepo, litasimama.

Mwananchi afanye nini

Uamuzi wa mtambo gani ujengwe wapi hufanyika mbali na kijiji, lakini njia za kuufikia zipo.

Njia ya kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu. Ombeni suala la umeme liwekwe kwenye ajenda, muhtasari uandikwe, na diwani aupeleke halmashauri. Jambo lililoandikwa na kijiji kimoja ni malalamiko. Likiandikwa na vijiji 20, linakuwa msimamo wa wilaya.

Njia ya pili ni mbunge. Bajeti ya Wizara ya Nishati hujadiliwa bungeni katika kipindi cha Aprili hadi Juni. Mbunge aulizwe kabla ya hapo, sio baada yake.

Njia ya tatu ni EWURA. Kabla ya kubadilisha bei za umeme, EWURA hukusanya maoni ya wananchi. Wapo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, ambao kazi yao ni kumsemea mteja.

Njia ya nne ni kwa wenye paa kubwa: shule, kituo cha afya, kinu cha pamba, chama cha msingi cha ushirika. Kanuni za EWURA zilizopo tangu 2018 zinaruhusu mteja mwenye paneli zake kuingiza ziada kwenye gridi na kuhesabiwa. Waulizeni TANESCO wa wilaya utaratibu na fomu. Wasipoulizwa, kanuni itabaki kwenye karatasi.

Na maswali ya kuuliza ni haya matano. Awamu ya pili ya Kishapu, zile megawati 100, itaanza tarehe ipi, na fedha zake ziko wapi? Ni wilaya zipi nyingine za Shinyanga, Simiyu, Geita na Tabora zimepimwa kwa ajili ya mitambo ya jua? Kwa nini pampu za maji ya Ziwa Victoria zisipewe jua lake? Waliotoa ardhi wamelipwa wote? Na vijana wangapi wa hapa wamefundishwa kufunga na kutunza mitambo hii, ili kazi isiishie kwa mgeni anayeondoka siku mkandarasi anapofunga kambi?

Mwaka 1986, Shinyanga ilipokuwa imegeuka karibu jangwa kwa ukataji wa miti, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Watu walirudisha ngitili zao, na maelfu ya hekta yakawa kijani tena. Serikali ilileta mpango, lakini waliofunga malisho na kuyalinda walikuwa wanakijiji. Jua la Kishapu linahitaji ulinzi wa namna hiyo: watu wanaolifuatilia, wanaouliza, na wasiochoka kuuliza mpaka majibu yaje yakiwa na tarehe.